Kumbe Bastola ya James Bond Ilikuwa ya Upepo! Hii Hapa Historia ya Bunduki za Kijerumani Zinazosakwa na Wakusanyaji

Picha yenyewe unaijua hata kama filamu hujaiona. James Bond kasimama na suti yake, mikono kaikunja kifuani, mtutu mrefu wa bastola umeelekea juu karibu na shavu. Ni picha ya matangazo ya From Russia with Love, filamu ya mwaka 1963, na mpaka leo inabandikwa kwenye kuta za vinyozi, mabaa na vyumba vya mabachela dunia nzima.

Sasa cheki hii. Ile bastola haiwezi kufyatua risasi ya kweli hata moja. Ni bastola ya upepo.

Ilikuwaje? Siku ya kupiga picha mjini London kila kitu kilikuwa tayari. Mwigizaji yupo, suti ipo, taa zimewaka. Kitu kimoja tu kilisahaulika: bastola ya Bond mwenyewe, Walther PPK. Bahati nzuri, mpiga picha alikuwa mtu wa kulenga shabaha kama starehe yake, na alikuwa na bastola yake ya upepo, Walther LP 53. Akaitoa. Mpango ulikuwa mafundi wa mabango waupunguze ule mtutu mrefu baadaye ili isijulikane. Hawakuupunguza, na dunia nzima ikaizoea hivyo hivyo.

Mwaka 2010 bastola ile ile ikapelekwa kwenye mnada wa Christie's, London. Ikaondoka kwa pauni 277,250. Ndiyo, kwa kitu kinachosukuma kirisasi kidogo kwa hewa.

Bei ile bila shaka ilikuwa ya Bond, si ya chuma. Lakini kuna swali ambalo watu wengi hawajiulizi. Kampuni kubwa kama Walther, iliyotengeneza PPK yenyewe, ilianzaje kuhangaika na bastola za upepo? Jibu lake ndilo linalowafanya watu wazima Ulaya na Marekani wapekue masoko ya mitumba na madari ya nyumba za wazee wakisaka bunduki kuukuu za upepo kutoka Ujerumani.

Kwanza, inafanyaje kazi?

Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma kwa nguvu. Ile hewa inayotaka kukutoboa kidole ndiyo bunduki ya upepo yenyewe.

Bunduki nyingi za zamani za Kijerumani zina springi nene ndani. Unaukunja mtutu kuelekea chini, springi inajibana na pistoni inarudi nyuma. Unaweka kirisasi, kwa kawaida cha milimita 4.5 au 5.5, unaurudisha mtutu mahali pake. Ukivuta triga, springi inaachia, pistoni inaruka mbele, hewa inabanwa ghafla na kirisasi kinatoka. Hakuna baruti, hakuna moshi, na mlio ni mdogo, kiasi kwamba mtu anaweza kulenga shabaha hata uani kwake.

Ni silaha dhaifu ukiilinganisha na bunduki ya vita. Na huo udhaifu ndio ulioiokoa.

Mungu wa kike aliyetupa upinde

Mwaka 1890, katika mji wa Rastatt kusini magharibi mwa Ujerumani, wabia wawili walianzisha kampuni iliyobeba majina yao, Mayer & Grammelspacher. Jina refu, gumu kutamka, halikai kichwani. Ndiyo maana bidhaa zao zikaja kujulikana kwa jina moja fupi: Diana, mungu wa kike wa uwindaji wa Warumi wa kale.

Nembo yao ni ya aina yake. Diana anaonekana ameutupa upinde wake chini, na mkononi ameinua bunduki ya upepo juu kabisa. Ujumbe ni kama vile: mambo ya mishale yamekwisha, mjini kuna kitu kipya.

Wakati huo huo, upande wa mashariki, kwenye milima ya Thuringia, kulikuwa na miji miwili jirani iliyoishi kwa kutengeneza silaha: Suhl na Zella-Mehlis. Kule ndiko walikotoka Haenel, Walther, Anschütz na Weihrauch. Ukitaja majina hayo manne pamoja na Diana mbele ya mkusanyaji yeyote, macho yake yanawaka.

Kipigo cha kwanza

Ujerumani ilishindwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaibana vibaya: jeshi lisizidi watu 100,000, na kutengeneza silaha za vita kukawekewa mipaka mikali. Viwanda vilikuwa na mashine, vilikuwa na mafundi wenye mikono ya dhahabu, lakini kazi ya zamani haikuwepo tena.

Bunduki ya upepo haikuwa silaha ya vita. Ukaupata wapi mlango mwingine? Miaka ya 1920 na 1930 ikawa ya mavuno: bunduki za watoto, bunduki za vibanda vya michezo kwenye maonyesho, bunduki za klabu za shabaha. Nyingi ziliuzwa nje ya nchi.

Hapa ndipo hadithi inapopata kivuli chake. Pale Haenel, Suhl, kulikuwa na fundi mmoja mwenye kipaji cha hatari. Miongoni mwa kazi zake ni bunduki ya upepo inayoitwa Haenel 33, yenye umbo la bunduki ya askari kabisa. Mbao zake na namna ya kuishika ni za kijeshi, na hata kuikoki unavuta mkono wa chuma kama wa bunduki ya vita badala ya kukunja mtutu.

Siyo umbo la bahati mbaya. Wakati wa utawala wa Wanazi, vijana wadogo walifundishwa kulenga kwa bunduki za upepo kabla hawajakabidhiwa bunduki zenyewe. Mkono ukishazoea umbo, kazi ya jeshi inakuwa nusu imekwisha. Na fundi yule yule baadaye akasanifu StG 44, bunduki ya vita iliyobadilisha namna majeshi yanavyopigana. Vita ilipoisha, Wasovieti wakamchukua, na kati ya mwaka 1946 na 1952 alikuwa Izhevsk, mji ule ule ulio maarufu kwa Kalashnikov. Alirudi nyumbani, na mwaka 1953 akafariki.

Leo Haenel 33 ni dili kwa wakusanyaji. Ni nzuri, imetengenezwa kwa ustadi, inapendeza ukutani. Lakini ilitengenezwa ili mtoto wa shule azoee kuwa askari. Mkusanyaji mkweli anaweza kukuonyesha hayo yote mawili kwenye bunduki moja.

Mwaka 1945: wote sifuri

Kipigo cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Baada ya Vita vya Pili, Wajerumani walikatazwa kumiliki silaha na kuzitengeneza. Safari hii hata bunduki za upepo hazikupona.

Thuringia ilifikiwa kwanza na Wamarekani mwezi wa nne mwaka 1945. Mwezi wa saba wakaondoka, na eneo likaingia mikononi mwa Wasovieti. Familia zilizokuwa na viwanda vikubwa zilijikuta zimepoteza karibu kila kitu: majengo, mashine, michoro, stoo. Wengine wakaondoka kuelekea magharibi na ujuzi wao kichwani.

Watu wa Weihrauch walianza upya Mellrichstadt, kijimji cha Bavaria, wakitengeneza vipuri vya baiskeli. Anschütz wakaibukia Ulm mwaka 1950 na wafanyakazi wachache. Walther nao wakajipanga upya magharibi, na miongoni mwa kazi zao zilikuwa mashine za kupigia hesabu. Hebu fikiria: watu waliotengeneza bastola zinazojulikana dunia nzima, sasa wanahangaika na vikokotoo.

Ruhusa ilipoanza kurudi kuelekea mwaka 1950, silaha za baruti zilikuwa bado ni mwiko. Mlango uliofunguka kwanza ni ule ule wa zamani. Weihrauch wakatoa HW 35 mwanzoni mwa miaka ya 1950, bunduki iliyoendelea kutengenezwa kwa miongo mingi. Na Walther? Wakatoa LP 53. Hiyo namba 53 ni mwaka.

Kwa hiyo ile bastola ya Bond haikuwa kitu cha kuchezea cha kampuni kubwa iliyoshiba. Ilikuwa kazi ya kampuni iliyoangushwa chini, ikiinuka kwa kitu pekee ilichoruhusiwa kushika.

Diana anaibiwa jina

Sasa rudi Rastatt. Mji ule uliangukia eneo la Wafaransa. Kiwanda cha Diana kikavuliwa mashine zake, na mashine hizo, pamoja na haki ya kutumia jina Diana, zikaishia Uingereza, kwenye kampuni iliyojulikana kama Milbro, huko Motherwell, Scotland.

Ikawa kituko. Wajerumani wa Rastatt walipoanza tena kazi, kule Uingereza hawakuweza kuuza bunduki zao kwa jina lao wenyewe. Dukani ungekuta Diana iliyotengenezwa Scotland kwa mashine za Ujerumani, na pembeni yake bunduki iliyotoka Rastatt kweli, haina Diana. Wajerumani wakachagua jina lenye dongo ndani yake: Original. Yaani, nyie chukueni jina, sisi ndio wenyewe.

Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 30. Milbro ilifunga shughuli mwanzoni mwa miaka ya 1980, na muda si mrefu baadaye jina likarudi Rastatt. Diana akarudi nyumbani na bunduki yake mkononi.

Marekani nako ilikuwa vurugu nyingine, ingawa huko ilikuwa biashara tu. Chukua Diana 27, bunduki nyepesi, laini kukunja, yenye triga inayotumia gololi ndogo ndani. Wapenzi wengi wa bunduki za upepo wataapa kwamba haijawahi kutengenezwa tamu kuliko hiyo. Marekani iliuzwa kama Hy-Score 807. Ikauzwa pia kama Winchester 427. Ujerumani kwenyewe kuna zilizoandikwa Gecado. Bunduki moja, kiwanda kimoja, majina manne.

Kwa mkusanyaji hapo ndipo raha ilipo. Mtu anakuta Winchester kuukuu sokoni, muuzaji anaiona ya kawaida. Mwenye macho anaigeuza, anaangalia umbo, anasoma maandishi madogo, anatabasamu kimoyomoyo. Kaiona Diana ndani ya koti la Mmarekani.

Kutoka uani hadi Olimpiki

Silaha iliyobaki kwa sababu ya udhaifu wake ilikuja kuwa mashine ya usahihi wa kutisha.

Tatizo la bunduki ya springi ni mtikisiko. Pistoni ikiruka mbele, bunduki nzima inacheza kabla kirisasi hakijatoka mtutuni. Ukipumua vibaya tu, umekosa. Wajerumani wakalitatua kwa njia mbili tofauti.

Diana waliweka pistoni mbili zinazokwenda pande tofauti kwa wakati mmoja, moja mbele moja nyuma, zikafutana. Ndio mfumo unaoitwa Giss, uliotumika kwenye bunduki za mashindano kama Diana 60 na Diana 75. Kampuni ya Feinwerkbau, iliyoanzishwa Oberndorf na mahandisi wawili waliowahi kufanya kazi Mauser, ilikuja na akili nyingine: mtutu na mitambo yote vikae juu ya reli, viteleze nyuma kidogo wakati wa kufyatua, huku kitako kilicho begani kikitulia kimya.

Mwaka 1966 bunduki ya upepo ya mita 10 ikaingia kwenye mashindano ya dunia, huko Wiesbaden. Mwaka 1984 ikaingia Olimpiki, Los Angeles. Feinwerkbau 300 ikawa bunduki iliyoonekana kwenye klabu za kila kona, na hadi leo mtu anaweza kuichukua ya miaka 50 na kupiga tundu juu ya tundu kwenye karatasi.

Upande wa mashariki nako hawakulala. Haenel, sasa chini ya serikali ya kikomunisti, walitoa modeli ya 310, inayotumia gololi za risasi za milimita 4.4, unaikoki kama bunduki ya askari. Ilitumika sana kuwafundisha vijana kulenga. Serikali ilibadilika, bendera ilibadilika, lakini vijana waliendelea kufundishwa vile vile.

Alama ndogo, siri kubwa

Mkusanyaji mzuri haanzii kwenye kung'aa kwa bunduki. Anaanzia kwenye alama.

Bunduki nyingi za Diana baada ya vita zimegongwa mwezi na mwaka kwenye chuma, tarakimu ndogo ambazo mtu asiyejua anaweza kudhani ni mikwaruzo. Ukikuta 04 78, hiyo ilizaliwa mwezi wa nne mwaka 1978.

Halafu kuna herufi F ndani ya umbo lenye pembe tano. Hiyo ni alama ya Ujerumani inayoonyesha kwamba nguvu ya bunduki haizidi jouli 7.5. Ilianza na mwaka 1970. Mtu akikuuzia bunduki ya Ujerumani Magharibi akiapa kwamba ni ya miaka ya 1950, na F hiyo imekaa pale inakutazama, ujue kuna uongo mahali.

Kuna na siri ya ndani. Bunduki za miaka ya 1930 zilizibwa kwa ngozi kwenye pistoni. Ngozi ikipata mafuta kidogo inaamka, hata baada ya miaka 80. Lakini baadhi ya bunduki ghali za miaka ya 1960 na 1970 zilizibwa kwa plastiki iliyoonekana ya kisasa sana. Leo plastiki ile imegeuka unga na uji wa kahawia. Ya babu inapiga, ya mjukuu imekufa mpaka ipate kipuri kipya.

Na mafuta nayo yasizidi. Hewa ikibanwa ghafla inapata joto, mafuta yakiwa mengi yanalipuka ndani kwa ndani na kuharibu mitambo. Hatari nyingine ni kuvuta triga mtutu ukiwa bado umekunjwa: unarudi kwa kasi inayoweza kuvunja vidole.

Kung'arisha au kuacha?

Hapa ndipo wakusanyaji wanapogombana mpaka urafiki unavunjika.

Upande mmoja wanasema: bunduki iliyooza ni aibu. Isugue kutu, paka chuma rangi mpya, piga mbao msasa, ing'ae kama siku ilipotoka kiwandani. Aliyeitengeneza alitaka iwe nzuri, kuiacha na kutu ni kumdharau.

Upande wa pili wanasema: msasa haujui historia. Ukisugua kutu unasugua na tarakimu za mwezi na mwaka. Ukipaka rangi mpya unafunika jina la duka lililoiuza. Ukibadilisha kitako umetupa herufi alizochonga mtoto mmoja kwa kisu, miaka 70 iliyopita, ili kaka yake asije kusema ni ya kwake. Mwishoni unabaki na bunduki inayopendeza ambayo haiwezi kukuambia chochote.

Kwa bunduki hizi, upande wa pili una hoja nzito zaidi. Bunduki ya kawaida ikipoteza alama zake, imepoteza bei. Hizi zikipoteza alama, zinapoteza ushahidi. Alama ndiyo inayotofautisha Diana ya Rastatt na Diana ya Scotland. Alama ndiyo inayoonyesha kama bunduki ilitengenezwa kumfurahisha mtoto au kumwandaa kwa vita. Kuna ambao wangependa Haenel 33 ing'ae tu, isiulizwe maswali. Kutu kidogo pale inasaidia watu wakumbuke.

Njia ya katikati ipo, na wengi wenye uzoefu wanaifuata: ndani tengeneza, nje hifadhi. Badilisha springi iliyochoka, weka ngozi mpya, safisha kwa kitambaa na mafuta mepesi kutu isiendelee. Alama usiziguse.

Jambo moja la mwisho kabla hujaanza kupekua stoo ya babu: usichukulie kirahisi neno "upepo". Kwenye nchi nyingi sheria inaiweka bunduki hii kwenye kundi la silaha. Hata Scotland, kule kule Motherwell ilikotengenezwa Diana ya mashine za kuchukuliwa, tangu mwisho wa mwaka 2016 huwezi kuwa na bunduki ya upepo bila cheti cha polisi. Ukiikuta nyumbani, uliza sheria kwanza, picha za mtandaoni baadaye.

Wakusanyaji wana chuma kilichopita kwenye vita mbili na marufuku mbili, kikabadilishwa jina, kikafika Olimpiki, na siku moja kikasimama karibu na shavu la James Bond kwa sababu mtu alisahau mzigo.

Sasa kazi kwako. Ukikuta Diana ya mwaka 1935 kwa babu yako, ina kutu, ina jina la mtoto limechongwa kwenye kitako: utaing'arisha, au utaiacha ilivyo? Tupia jibu lako hapo chini.